Kulikucha Kutokea Magharibi

Sanduku la Posta 1663, Santa Fe
20 Mei 1945

Mdogo wangu Librada,

Nakusalimu, na nakuomba umsalimie Mama kabla hujafika mstari wa pili, maana najua amekaa hapo ubavuni anakuuliza, "Amesema nini? Amesema nini?" Mwambie Celedonio wake hajambo, anakula vizuri, ila pilipili ya huku haina hata nguvu ya kumtoa mtu chozi.

Barua yangu ya Pasaka hamkuipata kwa sababu nilirudishiwa. Hapa kambini Mlimani kila barua inafunguliwa na kusomwa kabla haijatoka. Nilitaja jina la mto na jina la mkubwa wangu wa kazi, basi wakanipa kalamu wakaniambia niandike upya. Nikakosa hamu.

Naendesha lori. Hilo naruhusiwa kusema. Linabeba nini na linakwenda wapi, usiniulize, wala shemeji Fidencio asiniulize.

Kuna habari yoyote ya ndugu yetu Benito? Nikisoma gazeti naanzia kurasa za vita vya Pasifiki, halafu naogopa kuendelea.

Kaka yako,
Celedonio


Ojo Seco, njia ya Carrizozo
3 Juni 1945

Kwako kaka Celedonio, mtu wa siri nyingi,

Huku wote tunapumua. Mama miguu inamsumbua lakini mdomo haujambo. Mimi tumbo limeshatangulia mbele, naingia jikoni baada yake. Mkunga anasema Septemba. Fidencio anaomba mvulana, mimi naomba mtu yeyote asiyefanana naye pua.

Mvua hakuna. Tangi la maji ya paa limebaki nusu, na mbuzi wanatutazama kama tumewaibia. Fidencio sasa anawapeleka mbali, hadi penye seng'enge mpya ya wanajeshi. Wamewahamisha wafugaji wote wa bonde lile, na malori yanapita na vumbi lake mchana kutwa. Alimuuliza askari mmoja, "Mnafuga nini humo?" Akajibiwa, "Nyoka." Fidencio akasema, "Basi mmekuja mahali penyewe."

Benito hatujapata kitu tangu ile kadi ya Krismasi yenye maneno ishirini na tano. Mama huiweka chini ya mto wa kulalia. Miaka mitatu tangu Wajapani wamteke pale Bataan, Ufilipino, na bado kila Jumapili anampakulia sahani yake ya maharage. Sisi tunakula, hatuitazami. Halafu anaila mwenyewe jioni, ikiwa imepoa.

Na wewe, lori gani hilo linalokutia ububu? Kama umeoa mke wa kizungu sema tu, tutamfundisha kukanda unga.

Mdogo wako,
Librada


22 Juni 1945

Librada,

Natumaini nyote wazima. Mimi mzima. Leo sina maneno mengi.

Ndani ya bahasha mtakuta tiketi tatu za basi. Nataka wewe, Mama na Fidencio mwende Santa Fe kwa shangazi Petra kabla ya tarehe kumi ya Julai, mkae huko hadi mwezi uishe. Sema unataka kuonwa na daktari kwa ajili ya mtoto. Sema Mama anataka kusali kanisa kuu. Sema lolote. Mbuzi waachieni jirani.

Usiniulize sababu, wala usinijibu kwa barua. Nendeni tu.

C.


Ojo Seco
2 Julai 1945

Kaka yangu,

Salamu zako zimefika, na tiketi pia. Umeniambia nisijibu, nami nikajaribu siku tatu nikashindwa.

Sikiliza. Mbuzi tunakamua hamsini na jirani hatujuani naye vizuri. Mama hawezi kukaa kwenye basi siku nzima na miguu ile. Zaidi ya yote, hataki kuondoka. Nilipomwambia alikunja mikono akasema, "Barua ya Benito ikija inikose?"

Fidencio anasema una wazimu wa kukaa juu sana, hewa nyembamba. Lakini mimi nimeitazama bahasha. Muhuri wake si wa Santa Fe. Ni wa Socorro. Socorro iko upande wetu huku, Celedonio, na njia ya kutoka Socorro kwenda bondeni inaishia kwenye ile seng'enge. Na hii haikufunguliwa na mtu, gundi yake ilikuwa safi.

Kama upo karibu hivyo, kwa nini huji kula chakula cha mama yako? Na kama kuna jambo la kutukimbiza nyumbani kwetu, kwa nini huliandiki?

Nangoja unijibu.

Librada


Ojo Seco
19 Julai 1945

Kaka,

Sikupata jibu lako. Nakusalimu hivyo hivyo, na sijui nianzie wapi.

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilikuwa nawasha jiko. Usiku kucha kulikuwa na radi na tulifurahi kwa ajili ya tangi. Fidencio alikuwa tayari nje na mbuzi kule kilimani. Ghafla jikoni kukawa kweupe. Si weupe wa radi, maana radi huja na kwenda. Huu ulikuja ukakaa. Niliona kila punje ya unga juu ya meza, niliona mifupa ya mkono wangu, au nilidhani naiona. Dirisha la magharibi lilikuwa linawaka. Nikawaza, jua limekosea njia.

Mama akaita kutoka kitandani, "Librada! Zima hiyo taa!"

"Si taa, Mama!"

"Basi ni nini?"

Nikapiga magoti, nikashika tumbo. Baadaye sana ndipo sauti ikaja, na upepo wenye joto, na vioo viwili vikavunjika. Msalaba ulianguka ukutani. Mama akaanza sala ya wanaokufa, na mimi nikaitikia, maana nilijua tunakufa.

Fidencio alirudi anakimbia bila kofia. Mwanamume yule, ambaye hajawahi kukimbia hata harusini kwake alipochelewa, alifunga mlango akauegemea. "Limepanda," alisema. "Kitu kimepanda kutoka ardhini, chekundu, halafu zambarau. Kimepanda mpaka kikakosa mahali pa kwenda."

Kabla ya saa sita mchana kikaanza kuanguka. Majivu, Celedonio. Laini kama unga, ya moto kidogo, meupe. Yalianguka siku ile na siku iliyofuata. Yaliingia kwenye paa, kwenye mfereji, kwenye tangi. Yalikaa juu ya nguo nilizoanika na juu ya migongo ya mbuzi. Nilifagia mlangoni mara nne. Maji nimeyachuja kwa kitambaa, lakini yana ladha ya chuma.

Jana wamekuja wanaume wawili kwa gari aina ya jeep, wamevaa kama watu wa kazi za mikono lakini viganja laini. Mmoja alishika kisanduku chenye waya. Alikisogeza kwenye ukuta, kikaanza kulia kama mafuta ya kukaangia. Alipokisogeza kwenye paa, mlio ukawa mmoja tu, bila kukatika. Akakizima haraka.

Nikamuuliza, "Hicho kinatafuta nini?"

"Hali ya hewa, mama."

"Na imekuwaje, hiyo hali ya hewa?"

Akatazama tumbo langu, kisha akamtazama mwenzake. "Nzuri," akasema. Wakaondoka bila kunywa maji niliyowapa.

Gazeti linasema ghala la baruti la wanajeshi limelipuka na hakuna aliyeumia. Wewe wasemaje?

Librada


Ojo Seco
30 Julai 1945

Celedonio,

Salamu. Kuku wamekufa, wote kumi na mmoja, kwa wiki moja. Mbuzi wananyonyoka manyoya mgongoni, pale yalipotua majivu, na chini ya manyoya ngozi ina vidonda. Fidencio naye ana kitu kama alichomwa, shingoni nyuma, mahali kola isipofika. Anasema ni jua. Nimeolewa naye miaka sita, jua halijawahi kumuunguza.

Mtoto anacheza tumboni. Kuna siku hachezi mpaka jioni, nami siku hizo sifanyi kazi yoyote.

Niandikie hata neno moja.

Librada


Sanduku la Posta 1663, Santa Fe
10 Agosti 1945

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulizuiwa kuandika, na hata tulipofunguliwa sikujua nianze vipi. Natumaini mtoto anacheza.

Bila shaka gazeti limewafikia. Sasa mnajua ni bomu gani tulilokuwa tunatengeneza huku Mlimani. Miji miwili ya Japani imekwisha, na wote wanasema vita vimebaki siku chache. Watu wamecheza dansi barabarani, wamegonga masufuria. Benito atarudi, Librada. Hilo ndilo la kumwambia Mama.

Jambo moja. Mwageni maji yote ya tangi. Alioshe Fidencio, si wewe. Paa pia.

Kaka yako


Ojo Seco
12 Septemba 1945

Kaka Celedonio,

Kwanza heri, halafu mengine. Benito yu hai! Telegramu ilikuja wiki iliyopita. Mama aliishika juu chini, kusoma hajui, akasema, "Naliona jina lake," na lilikuwa limepinduliwa. Benito alikuwa anachimba makaa ya mawe huko Japani. Wanamleta nyumbani kwa meli.

Na tarehe nne nimejifungua binti. Tumemwita Altagracia. Mdogo sana, mkunga alimshika kwa kiganja kimoja. Analia kama paka aliye mbali. Ananyonya kidogo, analala, ananyonya tena. Pua ni ya Fidencio, sikusikilizwa.

Tangi tulilimwaga, na hatukuwa na maji siku tisa. Fidencio aliyachota Carrizozo kwa mkokoteni. Kisha mvua moja ikanyesha, ikapita kwenye paa lile lile na ardhi ile ile. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umesema tumwage. Hukusema kwa nini. Umesema mimi nisilioshe. Hukusema kwa nini. Sisi tulikunywa wiki nne kabla barua yako haijafika.

Librada


Ojo Seco
31 Oktoba 1945

Celedonio,

Mama anakusalimu. Benito anakusalimu. Amefika Alhamisi.

Usingemtambua. Alishuka kwenye basi nami nikapita mbele yake nikaendelea kumtafuta. Akasema nyuma yangu, "Librada, bado unatembea kama bata." Nikageuka, nikaona sauti yake ikitoka kwa mzee. Nguo zinamning'inia kama zimetundikwa msumarini. Mama alimshika uso kwa mikono miwili.

Jumapili tukakaa mezani. Sahani yake ikawa na mwenyewe. Alikula polepole akiizungushia mkono, kama kuna mtu atamnyang'anya. Fidencio alitaka kumchangamsha, akaanza kuhadithia alfajiri ile ya Julai, jinsi alivyokimbia na kofia ikabaki kwa mbuzi. Alicheka peke yake.

Benito akasema, "Rangi yake zambarau juu, si ndiyo?"

Fidencio akageuka kumtazama.

"Mimi pia nililiona," akasema. "Tulikuwa tunatoka mgodini. Ng'ambo ya ghuba, mbali. Lilipanda hivyo hivyo." Baadaye, alisema, walipokuwa wanapelekwa kwenye meli, gari moshi lilipita katikati ya mji ule uliolipuliwa. Mama akamuuliza aliona nini. Akasema, "Hakuna kitu, Mama. Ndicho nilichokiona. Hakuna kitu."

Kisha Fidencio akainama kuokota mkate, na Benito akaiona shingo yake. Akaweka kijiko mezani. Akaomba aone mbuzi, nikamwonyesha migongo, yale manyoya meupe yaliyoota mahali pa vidonda. Akaniuliza kama nywele za watu zimetoka pia. Alisema katika kituo cha gari moshi aliona mama mmoja anamchana binti yake, na kila alipopitisha kitana nywele zilikuja zote, naye akazikunja vizuri akazitia mfukoni. Halafu akamtazama Altagracia. Tangu hapo amekataa kusema lolote juu ya jambo hilo, na hamshiki mtoto.

Kwa hiyo sasa nakuuliza wewe, na usinijibu habari za vita kwisha. Ulijua?

Librada


Santa Fe
11 Novemba 1945

Mdogo wangu Librada,

Msalimie Mama, mbusu Benito. Nimeacha kazi Mlimani. Hii naiandika kwa shangazi Petra na hakuna anayeisoma isipokuwa wewe.

Nilijua.

Tangu Mei lori langu lilikuwa la maji. Nilichota Socorro nikapeleka kambini jangwani, ndani ya seng'enge, maana kisima cha kule ni chumvi tupu. Siku nyingine jioni niliona moto wa nyumba moja mbali upande wenu, nikajiambia ni jiko lako. Niliona mnara wa chuma unajengwa. Hakuna aliyenieleza ni wa nini, lakini dereva wa maji ni kama kiti, watu wanaongea mbele yake.

Nilisikia vijana wasomi wakibishana wakiwa kwenye foleni ya chakula. Mmoja alisema, "Na hewa yenyewe ikishika moto?" Mwingine akamjibu, "Itaungua dunia nzima, au jimbo hili tu?" Wakacheka. Librada, sikulala siku nne. Wao walikuwa wanatania, au nusu wanatania, sijui. Mimi nilidhani kweli. Ndipo nikakuandikia nikaitia barua posta Socorro. Ulipokataa nikaandika nyingine, nikasema kila kitu, saa, mahali, upepo. Nilikuwa nayo mfukoni tarehe kumi na mbili Julai. Tulikuwa tumeapa, na adhabu yake ni jela ndefu. Niliichoma.

Sitasema niliogopa jela tu. Niliwaza pia Benito. Niliwaza, kitu kile kikifanya kazi atarudi, nisikiguse.

Lililobaki ndilo zito. Asubuhi ile, baada ya kulipuka, nilitolewa kwenye lori la maji nikapewa mtu mwenye kisanduku cha kupimia sumu ya bomu, nimwendeshe kufuata wingu. Lilikuwa linakwenda kaskazini mashariki. Tulifika njia panda ya Ojo Seco, penye kinu cha upepo kilichovunjika. Kisanduku kikalia bila kukatika. Yule mtu akapauka. Akasema, "Geuza."

Nikasema, "Mbele kuna watu."

Akafungua ramani. "Hapa hakuna nyumba."

"Ipo. Ni ya dada yangu. Ana mimba."

Akaitazama ramani tena, muda mrefu, kana kwamba mngetokea juu ya karatasi. Kisha akasema, taratibu, karibu kwa upole, "Tukiwahamisha, watauliza. Geuza lori, Celedonio."

Nikageuza. Usukani ulikuwa mikononi mwangu, Librada. Yeye hakuwa na bastola. Kutoka pale hadi mlangoni kwako ni maili tisa. Ningeweza kufika kabla majivu hayajatua.

Sijui yatamfanya nini mtoto. Nimewauliza watatu kabla sijaondoka. Mmoja alisema hakuna neno. Mmoja alisema ni mapema kujua. Wa tatu aliniuliza nani aliniambia niulize.

Nitafanya lolote unalotaka.

Celedonio


Ojo Seco
2 Desemba 1945

Celedonio,

Baridi imeingia, maji ya asubuhi yana ganda la barafu. Miguu ya Mama haijambo. Fidencio anakohoa.

Nilifikiri nisome barua yako peke yangu kisha niitie motoni. Ila nimechoka na watu wanaochoma barua. Nikawasomea wote baada ya chakula, neno kwa neno, hata pale pa njia panda. Hapo niliiweka mezani, Benito akaichukua akamalizia.

Fidencio aliinuka akatoka kwenda zizini, na mbuzi hawakuwa na shida yoyote. Alirudi usingizi umeshatushika. Hajalitaja jina lako tangu siku hiyo, na sitamlazimisha.

Benito alisema, "Mimi nimerudi kwa gharama ya hicho kitu. Mnataka nimlaumu vipi?" Nikamwambia mimi ninajua jinsi ya kumlaumu. Akainamisha kichwa.

Kisha Mama akasema, "Miaka mitatu nilimwomba Mungu anirudishie mwanangu. Sikumuuliza atatumia nini." Akaniomba nimpe Altagracia, akambeba, akampeleka kwa Benito akamwekea mapajani kabla hajakataa. Benito alimshika kama mtu anayeshika chungu cha moto. Lakini alimshika.

Umesema utafanya lolote ninalotaka. Nataka uje. Usije kuomba msamaha, sina wa kukupa kwa sasa, labda nitakuwa nao, labda sitakuwa nao. Njoo ukae hapa. Kunywa maji tunayokunywa. Mimi nimekaa na hofu hii tangu Julai bila kujua jina lake, sasa umenipa jina, basi njoo tuibebe wote.

Mtoto anaongezeka uzito, kidogo kidogo. Ameanza kucheka, hasa na Mama. Nywele zake nyeusi, nyingi, zinasimama juu. Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, namwinamia nampitisha mkono kichwani, toka paji hadi kisogo, halafu naenda dirishani nafungua kiganja nitazame.

Leo hakukuwa na kitu.

Librada